SELIMUNDU: DAWA SI YA SIKU YA MAUMIVU TU



Baridi ya Juni na Julai hapa Tunduma huniletea watoto wa selimundu. Mama huja na mtoto analia, mifupa inamwuma, macho yana umanjano. Mara nyingi amekwisha kuzunguka kwa waganga akaambiwa kuna jirani aliyemroga. Hakuna jirani. Ugonjwa huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, hata kama wao ni wazima. Akina baba mnaowalaumu wake zenu peke yao, mmesikia.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo hubeba hewa ya oksijeni. Himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ikiisha kuitoa hewa hiyo hushikamana, moja na nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu. Nyuzi hizo huipinda chembe ikawa kama mundu wa kuvunia mpunga kule Kamsamba. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza.

Mtoto mchanga haumwi miezi ya mwanzo, kwani bado ana himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo huzuia kushikamana huko. Dawa ya haidroksiurea huuamsha mwili uitengeneze tena. Watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda walipewa dawa hiyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, vifo vilipungua, hata malaria ilipungua kwa kama nusu.

Lakini wazazi wengi huacha dawa mtoto akitulia, wakaiweka kwa ajili ya siku mbaya. Kosa jingine ni letu sisi waganga. Mama mmoja nilimpa maelezo ya haraka haraka, foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi baada ya miezi mitatu mtoto alikuwa hoi na dawa zimejaa kopo. Dawa hii haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Huzuia yajayo, tena kwa kunywewa kila siku, kwa miezi.

Wala msiinunue kiholela dukani, maana inaweza kupunguza chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Na hapo ndipo mama wa kijijini hushindwa: nauli ya kwenda hospitali, siku nzima ya shamba imepotea. Makohozi ya kupimia kifua kikuu husafirishwa kutoka zahanati, mgonjwa akabaki kwake. Kwa nini damu ya mtoto huyu isisafirishwe vivyo hivyo?