Gitaa la kuchongwa na kompyuta: Mzazi asisahau kuuliza kuhusu vumbi

Kijana wa kidato cha tatu anarudi nyumbani na ombi. "Mama, likizo hii naomba niende karakana, nikatengeneze gitaa." Mama anawaza msumeno na vidole vya mwanawe. Kijana anamtuliza: mbao haikatwi kwa mkono, inachongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Mama anashusha pumzi na kukubali. Lakini kijana huyo ana pumu, na hakuna aliyeuliza vumbi litakwenda wapi.

Mfano huo unaweza kuwa wa nyumba yoyote. Viwanda vikubwa, kama Taylor Guitars ya California, Marekani, vimetumia mashine za aina hii kwa miaka mingi. Sasa zipo ndogo za kuwekwa juu ya meza, na vijana wanazipenda. Wana sababu, kwani kazi hii ina mafunzo mengi.

Kwanza ni hesabu. Katika magitaa mengi ya umeme, sehemu ya uzi inayotoa sauti ina urefu wa milimita 648. Ili kujua mahali pa kipande cha kwanza cha chuma shingoni, yaani freti, kijana anagawanya urefu huo kwa 17.817 na kupata milimita 36.4. Sehemu inayobaki anaigawanya tena kwa namba hiyohiyo, na kuendelea hivyo. Freti ya 12 inaangukia katikati kabisa, milimita 324. Akikosea kidogo, gitaa litaimba nje ya sauti.

Kisha anachora gitaa zima kwenye kompyuta. Programu inageuza mchoro kuwa njia ya kisu, mbao inabanwa imara mezani, na kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika kinaanza kazi. Mikono ikikaa mbali, hatari ya kukatwa inapungua. Haiishi, kwa sababu kisu kinaweza kuvunjika na kuruka, na nywele ndefu au mikono mipana ya shati inaweza kunaswa.

Vumbi ndilo linalosahaulika. Mwaka 1995, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianya yake. Hatari hiyo imeonekana zaidi kwa wafanyakazi waliovuta vumbi kwa miaka mingi, hivyo likizo moja isimtie mzazi hofu. Pumu na mzio, kwa upande mwingine, havisubiri miaka. Mpingo, mti wa kwetu unaosifika duniani kwa kutengenezea zumari na ala nyingine, ni miongoni mwa miti ambayo vumbi lake huweza kuwasha ngozi na kubana kifua.

Tena, mashine haimalizi kazi. Ikishachonga, kijana anachukua msasa na kulainisha kwa mkono. Hapo ndipo linapotoka vumbi laini lisiloonekana kwa urahisi, na hapo ndipo wengi huvua barakoa kwa kudhani hatari imepita.

Kelele nayo isipuuzwe. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane. Kama mtu analazimika kupaza sauti ili asikiwe na aliye umbali wa mkono, basi masikio yanahitaji kinga.

Kabla ya kutoa ruhusa, mzazi afike karakana na kuuliza:

• Je, mashine ina bomba la kufyonza vumbi pale kisu kinapokata?
• Je, vijana wanapewa miwani, vizibo vya masikio na barakoa ya kuzuia vumbi laini, kama N95? Kitambaa hakitoshi.
• Je, yupo fundi anayesimama nao muda wote, na kitufe cha kuzima mashine kiko karibu?
• Je, sakafu husafishwa kwa kufyonza au kitambaa chenye maji, badala ya ufagio mkavu?

Mtoto mwenye pumu aonwe na daktari kwanza, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Akishauriwa kukaa mbali na vumbi, bado anaweza kupiga hesabu, kuchora, kufunga nyuzi na kupatanisha sauti, huku mwenzake akishika msasa. Gitaa litabaki lake.

Akirudi nyumbani, abadilishe nguo mlangoni na kuoga kabla ya kumbeba mdogo wake. Na akianza kukohoa usiku, kupiga chafya mfululizo au kuwashwa mikono, kazi isimame hadi aonwe na daktari. Mbao itamsubiri.