Kambare Wawili na Pango Moja

Tangi la samaki katika sebule ya nyumba za wafanyakazi huko Bulembia, au katika kota za askari mjini Kasese, aghalabu huhesabiwa kuwa pambo la watoto. Hutazamwa jioni, taa ikiwa inawaka, na kambare wenye mabaka wakiwa wametulia juu ya mawe kana kwamba hawana neno na mtu. Taa ikishazimwa, mambo hubadilika. Asubuhi mama mwenye nyumba humkuta mmoja amejibanza karibu na uso wa maji, mkia umechanika na rangi imefifia. Watoto husema ameugua. Baba huagiza dawa. Kumbe samaki huyo hana ugonjwa wowote. Amepigwa na mwenzake, na usiku ujao atapigwa tena.

Kambare hao ni wale waitwao pleko, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini, hususan bonde la Amazon. Hawafanani na kambare wa vinamasi vya Uganda, mwenye ngozi laini na sharubu ndefu. Pleko amevikwa bamba za mfupa mgongoni na ubavuni, na mdomo wake uko chini, umeumbwa mfano wa kikombe, ili aweze kushika jiwe mahali penye mkondo mkali. Kwa mdomo huo hukwangua ukoga uliogandamana na kioo, na hiyo ndiyo sifa inayomfanya anunuliwe. Mnunuzi humwona kama mfagizi wa nyumba, akafikiri kwamba wafagizi watatu watasafisha kuliko mmoja. Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika.

Anayetaka kuelewa ugomvi huo hana haja ya kwenda mbali. Ngege dume wa Ziwa George huchimba kishimo katika mchanga wa maji mafupi, akakilinda na kumfukuza kila dume anayesogea. Jike huja kutaga hapo, kisha huyachukua mayai kinywani na kwenda zake. Pleko naye hufanya vivyo hivyo, ila chake ni pango. Jike hutaga humo mayai yenye rangi ya chungwa, halafu huondoka. Dume hubaki ndani siku kadhaa, akiyapepea kwa mapezi yake hadi yaanguliwe. Dume asiye na pango hana wa kumrithi. Ndiyo maana kuongeza chakula hakusaidii kitu: samaki hao hugombania nyumba, na shibe haimpi mtu nyumba.

Katika jamii ndogo iitwayo Ancistrus, ambayo ndiyo inayofaa zaidi kwa sebule ya kawaida kwa kuwa aghalabu haizidi sentimita 15, dume hutambulikana kwa urahisi. Akikomaa huota vitawi vya nyama juu ya pua, kama ndevu zilizopotea njia. Jike hana, au anavyo vichache tu ukingoni mwa mdomo. Mashavuni mwake dume ana miiba inayofunguka nje wakati wa ugomvi, na hiyo ndiyo inayochana mapezi ya mwenziwe. Kwa tangi la lita 100, dume mmoja na majike wawili wanatosha. Atakaye madume wawili hana budi kuwa na tangi linalozidi urefu wa mita moja, kwa maana yule anayeshindwa lazima apate mahali pa kukimbilia.

Mapango nayo yazidi idadi ya wenyewe: kwa kila dume yawekwe mawili, yasiyo mapana sana, kwani samaki huyu hupenda kugusa kuta pande zote. Kipande cha mwanzi mnene, bomba la plastiki au chungu kidogo kilichovunjika mdomo vyote hufaa. Jambo linalosahauliwa ni mlango. Mapango yakitazamana, kila dume humwona jirani yake usiku kucha na hasira haipoi. Milango ielekezwe pande tofauti, na katikati pasimamishwe jiwe au gogo la kukata macho. Gogo kavu lisilo na utomvu, lililochemshwa vizuri, lina faida ya pili, maana pleko hulikwangua kama chakula. Maji yakigeuka rangi ya chai hafifu, hakuna dhara. Vipande vya tango, boga au mchicha uliochovywa katika maji moto viwekwe pande zote mbili za tangi baada ya taa kuzimwa, na mabaki yaondolewe asubuhi kabla hayajaoza.

Mgeni akiletwa baadaye, mawe yote yapangwe upya siku hiyo hiyo. Mwenyeji akikuta mipaka yake imefutika, huanza kutafuta makazi sawa na mgeni, na nguvu za kupigana hupungua. Bila ya hivyo, mgeni huweza kufa kabla ya wiki kwisha.

Kwa wakazi wa Bulembia, maji yanahitaji uangalifu wa pekee. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia mwaka 1956 hadi 1982, na mabaki ya mgodi yangali katika bonde la mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, yaliyobomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe, yaliyakumba mabaki hayo pia. Shaba iliyoyeyuka majini huharibu mashavu ya samaki, yaani viungo vyake vya kupumulia, hata ikiwa ni kidogo sana, na ukali wake huzidi katika maji yasiyo na chokaa. Basi maji ya mto, na yale yatiririkayo kutoka kwenye malundo ya mgodi, yasitiwe kabisa katika tangi. Dawa za samaki zenye shaba, ambazo wengi hukimbilia kuzinunua waonapo mkia uliochanika, nazo ziepukwe. Humwongezea mjeruhiwa sumu juu ya majeraha. Atengwe tu katika chombo kingine chenye maji safi na kificho, na mapezi yataota yenyewe.

Limebaki suala la uhamisho, ambalo familia za askari na polisi zinalijua vyema. Amri huja, mizigo hufungwa, na tangi huonekana kuwa usumbufu. Si ajabu mtu akafikiria kuwamwaga samaki mtoni kwa huruma. Pleko wa jamii kubwa, Pterygoplichthys, huuzwa akiwa na urefu wa kidole, naye hufika sentimita 40 au zaidi. Huvumilia maji machafu, humeza hewa maji yanapokosa pumzi, na huchimba mashimo kingoni hadi udongo ukabomoka. Katika bwawa la Infiernillo nchini Meksiko, ambako wavuvi waliishi kwa kuvua ngege, miaka ya 2000 nyavu zilianza kujaa pleko wasio na mnunuzi. Mto Nyamwamba huelekea Ziwa George. Ziwa hilo limeungana na Ziwa Edward kwa Mfereji wa Kazinga, na kutoka huko Mto Semliki hupeleka maji Ziwa Albert na hatimaye Nile. Wavuvi wa Katwe na Hamukungu wanalisha jamaa zao kwa maji hayo. Samaki asiyeweza kusafiri apewe jirani mwenye tangi, na asiyepata jirani heri amuue kuliko kumwachia.

Atakayesafiri naye amnyime chakula siku moja kabla ya safari. Asimvue kwa wavu, kwani miiba hunasa na kuvunjika; amwongoze ndani ya bakuli. Mfuko wa plastiki hutobolewa njiani, hivyo ndoo yenye kifuniko ni bora, na kila dume apewe ndoo yake. Sponji la chujio lisioshwe wala kukaushwa, bali libebwe likiwa limelowa maji ya tangi lile lile, ili kazi ya kusafisha maji ianze mara tu tangi linapojazwa kituoni papya.