Neno OK kinywani mwa mwalimu wa Kiswahili

Ni maneno machache ya Kiingereza yaliyo mafupi kama OK na yaliyosafiri mbali kama hilo. Lilianza kwa mzaha. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post la Marekani lilichapisha herufi o.k. kuwa kifupisho cha "all correct", yaani "yote ni sahihi", kana kwamba maneno hayo huandikwa "oll korrect". Mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, walimpa lakabu ya Old Kinderhook, wakazifanya herufi hizo kuwa wito wa kampeni. Van Buren alishindwa, neno likabaki. Asili hiyo ilibainishwa na mtaalamu Allen Walker Read katika miaka ya 1960.

Leo, katika madarasa ya Uganda, ambako lugha ya kufundishia masomo mengi ni Kiingereza, tunamsikia mwalimu wa Kiswahili akisema: "Oke, fungueni vitabu." "Oke, umepata." "Oke?" "Oke, tumemaliza." Neno moja limefanya kazi nne: kuhimiza, kusifu, kuuliza na kuhitimisha. Kiswahili kina neno kwa kila kazi: "Haya, fungueni vitabu." "Vyema, umepata." "Mmeelewa?" "Basi, tumemaliza."

Hatulipingi OK kwa kuwa ni geni. Neno "sawa" nalo lilitoka katika Kiarabu. Lakini "sawa" limeota mizizi: limezaa "usawa", "sawasawa", "sawazisha" na "sawazishwa". OK halijazaa hata neno moja la namna hiyo, hutamkwa, likapita.

Wako watakaosema kuwa hata wenyeji wa pwani hulitumia. Ni kweli. Hata hivyo, mtoto wa Mombasa asiposikia "haya" kwa mwalimu wake, atalisikia nyumbani na sokoni. Mtoto wa Gulu huenda asilisikie popote ila darasani. Kila "oke" ya mwalimu humnyima nafasi ya kujifunza kihimizi, sifa au swali la Kiswahili katika muktadha wake halisi, jambo ambalo zoezi la kitabuni haliwezi kulifidia.

Kwa hiyo tunashauri kwamba mwalimu mtarajiwa, anapoandaa somo, aandike pia maneno atakayotumia kuanza, kusifu, kuuliza na kufunga. Nayo ni sehemu ya sarufi anayoifundisha.