Namba 142857 Haina Uchawi

Wako wenzetu wasemao kwamba hesabu ni somo kavu, la kufaulia mtihani tu. Wako na wengine wasemao kwamba namba 142857 ina uchawi. Mimi nayapinga maneno yote mawili.

Kweli, namba hii ni ya ajabu. Izidishe kwa 2, utapata 285714. Kwa 3, 428571. Kwa 4, 571428. Kwa 5, 714285. Kwa 6, 857142. Tarakimu ni zile zile sita, na zafuatana vile vile, kama kete za igisoro zizungukavyo ubaoni. Izidishe kwa 7, na mchezo umekwisha: 999999.

Sababu ni nini? Chukua kalamu, ugawanye 1 kwa 7. Utapata 0.142857, kisha tarakimu zarudia mwanzo bila kukoma. Baki zake hufuatana hivi: 3, 2, 6, 4, 5, 1, yaani baki zote ziwezekanazo. Basi kuzidisha kwa 3 ni kuingia katika duara lile lile penye baki 3. Uchawi uko wapi?

Mtu astaajabuye bila kuuliza sababu hudanganywa upesi: leo na wauzaji wa namba za bahati, kesho na wengine. Hapa Butare hatuhitaji mashine, karatasi yatosha. Nanyi, ndugu mliotutangulia shuleni, jaribuni 17: mtapata duara moja la tarakimu 16. Lakini 13 hutoa maduara mawili. Nani atatuambia kwa nini?