Sahihi Yako na Alama ya %

Ndugu Wanachama,

Katika wiki moja wametujia ofisini wanachama wawili, na mashaka yao, ingawa yaonekana mbali mbali, ni mashaka mamoja. Wa kwanza alipokea hundi, akaitia sahihi mgongoni angali shamba, akaiweka mfukoni, akapanda gari. Kufika mjini, hundi haipo. Wa pili alikopa fedha za kuwalipa wachumaji, akatia sahihi karatasi ambayo mahali pa nyongeza palikuwa na alama ya % peke yake, bila ya tarakimu. Tarakimu iliandikwa baadaye, naye hayupo.

Sisi twaona kosa lao ni moja: kutoa sahihi kabla ya wakati wake.

Hundi iliyoandikwa jina lako, ukiitia sahihi mgongoni bila ya neno jingine, huwa kama fedha mkononi mwa yeyote atakayeiokota. Basi usiitie sahihi ila ufikapo benki. Ikiwa fedha zaingia katika akaunti yako, andika hivyo juu ya sahihi: "Ziwekwe katika akaunti yangu tu." Jina likiwa limekosewa, tia sahihi kwanza kama lilivyoandikwa, kisha kama lilivyo khasa. Na wewe unayemwandikia mwenzio hundi, ipige mistari miwili usoni, ili isilipwe taslimu dirishani bali ipite katika akaunti.

Ama alama ya %, maana yake ni "katika kila mia". Ni ndogo, lakini yala. Katika kilo 400 za karafuu, makato ya 0.5% ni kilo 2. Makato ya 5% ni kilo 20. Nukta moja imechukua kilo 18. Tena 5% ya nini, na kwa muda gani? Mkopo wa shilingi 100,000 kwa 5% kwa mwaka una nyongeza ya shilingi 5,000. Kwa 5% kwa mwezi, mwaka ukitimia nyongeza ni shilingi 60,000. Hukumu ya nyongeza yenyewe tunawaachia masheikh. Sisi twasema juu ya karatasi.

Hundi huandikwa kiasi chake mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu. Tufanye vivyo hivyo katika mapatano: "asilimia tano (5%) kwa mwaka". Lakini tusiandike "asilimia 5%", kwani hapo neno limesemwa mara mbili.

Wako wasemao kwamba kumtaka mkopeshaji ajaze karatasi kwanza ni kumvunjia heshima. Hatukubali. Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Na wazee wetu wa Unguja na Pemba waliweka mikarafuu rehani hata ikabidi, mwaka 1934, itungwe sheria ya kuzuia mashamba yasitoke ovyo mikononi mwao. Mkarafuu hungojewa miaka mingi hata uzae. Sahihi hutiwa kwa nukta moja.

Mwanachama asiyeifahamu karatasi na ailete ofisini kabla ya kuitia sahihi. Kuisoma pamoja hakuna malipo, wala hakuna aibu.

Wassalaam,
Katibu