Mgonjwa akitoka wodini, kazi inahamia nyumbani

Naomba nieleze upande wa sisi tunaouguza. Mume wangu aliwekewa valvu bandia ya moyo. Tuliambiwa mfupa wa kifua uliokatwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, asinyanyue kitu kizito. Haya, mwambie hayo mwanaume aliyezoea kubeba ndoo mbili za maji! Nilimfuma kainamia mtungi wa gesi, nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Akikohoa anakumbatia mto kifuani. Akitaka kuamka, anageukia ubavu kwanza, hajisukumi kwa mikono.

Wengi hawajui habari ya mboga. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vitamini K iliyomo kwenye mchicha, matembele na kisamvu huipunguza nguvu. Si kwamba aache mboga, ale tu kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kipimo cha damu kisirukwe. Shangazi akileta mitishamba, pokea, shukuru, lakini mgonjwa asiinywe bila kumuuliza daktari.

Halafu kuna hasira na kulia bila sababu. Huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa wa moyo. Si kukosa shukrani wala kurogwa. Hali isipotulia, semeni kliniki.

Na wewe unayeuguza, ndugu akikuuliza akusaidie nini, usiseme "tuko sawa tu". Mpe zamu ya usiku, ulale.