F ya mwaka 2009

MKASI WA WIKI
Na Bi. Mkasi

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba mtu wa steshenari nyumbani kwetu ni Baba Salome. Mzee huyu anaweza kumaliza asubuhi nzima akitoa kopi ya karatasi moja, maana pale pana benchi, pana gazeti la jana na pana watu wa kubishana nao habari za Yanga. Wiki hii goti lake liligoma, nikaenda mimi. Nilirudi na kopi yake na hasira ambayo hadi naandika hapa haijashuka.

Huu ni msimu wa kuomba vyuo, na steshenari za mtaani zote zimegeuka ofisi za udahili. Kijana mmoja anakaa nyuma ya kompyuta, anawajazia watu fomu, anawachagulia kozi, na kwa shilingi elfu chache anawapangia na maisha. Mbele yangu kwenye foleni alikaa kaka mmoja wa miaka thelathini na ushee, bahasha ya kaki magotini, shati limepigwa pasi kama la siku ya usaili.

"Dokta, taja namba ya kidato cha nne," kijana akamwambia.

Dokta akaitaja yote, namba ya shule, ya mtahiniwa na ya mwaka, bila kufungua bahasha. Sikushangaa. Baba Salome alishasahau tarehe ya harusi yetu zaidi ya mara moja, lakini namba ya mtihani ya kidato cha nne Mtanzania anazikwa nayo. Ukiomba chuo, mfumo unaanza na hiyo. Ukiomba mkopo Bodi ya Mikopo, ni hiyo hiyo. Umekua, umeoa, umezaa, umezika wazazi, lakini ukifika mbele ya kompyuta wewe bado ni yule mtoto wa dawati la tatu mwenye kalamu inayovuja.

Akabofya, akasubiri, akabofya tena. Kisha akaguna. "Dokta, udaktari haikubali. Una F ya Hesabu."

Nikajifanya nasoma tangazo la pasipoti saizi, huku sikio langu lote likiwa kwao. Mnanijua.

Kaka yule ni tabibu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2009 katika shule ya kata, akasoma stashahada ya utabibu, akatoka na GPA ya 3.9, na tangu hapo yuko kituo cha afya huko Rukwa. Nilimuuliza akiwa zamu usiku nani mwingine anakuwepo. "Muuguzi mmoja, mama, na mlinzi." Mtoto akija na degedege saa nane za usiku, yeye ndiye Muhimbili ya pale. Sasa anataka kusomea udaktari wa binadamu, arudi kule kule akiwa amejua zaidi. Ombi lenyewe ndilo hilo. Hakuomba ukuu wa wilaya.

Mwongozo wa udahili wa TCU unasema hivi: mwenye stashahada ya utabibu anayetaka udaktari awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu ya hapo awe na angalau D za kidato cha nne katika Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Dokta wetu nne anazo. Ya tano ndiyo hiyo F.

Sasa tazameni utamu wa mambo. Alipokuwa anaomba stashahada, aliambiwa kinachotakiwa ni Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ukiwa nazo ni nyongeza nzuri, usipokuwa nazo karibu tu. Akakaribishwa, akafundishwa, akapimwa, akapewa cheti, akaajiriwa na serikali, akakabidhiwa wagonjwa. Leo anageuziwa kibao: ile nyongeza sasa ni lazima. Na yule anayetoka moja kwa moja kidato cha sita na PCB yake anaulizwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, basi. Anayechimbuliwa hadi kidato cha nne ni yule aliyekwisha kutibu watu.

Hapo ndipo mzee mmoja wa benchini, shati la kitenge, miwani kichwani, akatoa hukumu ambayo hakuna aliyemwomba. "Sifa ni sifa," akasema. "Huko shuleni angesoma."

Angesoma!

Nawaomba radhi majirani zangu wa foleni kwa sauti niliyoitoa. Siyo kwa maneno yenyewe. Maneno nayarudia hapa kwa wino.

Angesoma kwa nani? Nilimuuliza dokta nani alimfundisha Hesabu. Akacheka. Kidato cha kwanza hakukuwa na mwalimu wa somo hilo. Kidato cha pili wakapata mmoja wa Voda Fasta, akakaa muhula, akaenda zake chuo. Vijana wa leo hamuwajui hawa: ni wale walimu wa leseni waliopikwa kwa mafunzo ya wiki chache ili shule za kata, zilizokuwa zinamea kila kata, zipate walau mtu wa kushika chaki. Sikatai shule zile; zimesomesha watoto ambao wasingegusa sekondari maishani. Lakini serikali iliyofungua darasa bila mwalimu haina uso wa kumuuliza mtoto, miaka kumi na tano baadaye, kwa nini hakufaulu lile ambalo hakufundishwa.

Na hebu tuseme ukweli kuhusu Hesabu. Mwaka 2022 waliofaulu somo hilo kidato cha nne walikuwa takriban asilimia 20. D yenyewe siku hizi inaanzia alama 30 katika mia. Watoto wanne kati ya watano hawafiki hata thelathini, nasi tunawaita wavivu wote wanne! Mwalimu ambaye darasa lake kila mwaka linaanguka namna hiyo, kijijini kwetu angeitwa kwenye kikao cha wazazi. Sisi tumechukua matokeo yake tukayageuza kufuli.

Mzee wa kitenge akajitetea kwamba mtihani wa taifa ni kipimo kimoja kwa wote. Kipimo? Huyu mzee mwaka 2013 alikuwa wapi? Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitoka Februari, zaidi ya nusu ya watoto wana sifuri, nchi nzima ikapiga kelele, serikali ikayafuta, yakapangwa upya, na mwezi Mei wapo waliolala na sifuri wakaamka na divisheni ya nne. Hawakuwa wamesoma ukurasa hata mmoja katikati. Ya mwaka 2014 yakatangazwa kwa GPA. Wazazi hawajamaliza kuulizana GPA ni mnyama gani, divisheni zikarudi. Kipimo tunachokikunja na kukikunjua hivyo, kumnyonga nacho mtu maisha yake yote ni ukatili.

Tatizo ni kwamba tunaogopa. Tangu Mei 2016, wanafunzi zaidi ya elfu saba wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliporudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, na hayati Rais Magufuli akawaita vilaza, hakuna mkubwa anayethubutu kusema hadharani kwamba alama ya kidato cha nne si mtu mzima. Anaogopa ataambiwa anatetea vilaza. Mimi sina cheo cha kupoteza, nasema. Wale walikuwa wametoka tu shuleni, hawajaonyesha kingine. Wa kwangu ana stashahada na miaka ya kazi. Kuwaweka kapu moja ni uvivu, maana kompyuta inajua kusoma F lakini haijui kupiga simu Rukwa.

Kupiga simu tuliwahi kujua. Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba watu wasitoke kidato cha sita wakaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza wakafanye kazi, na waliofanya nao kazi waseme ni watu wa namna gani. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na haukudumu. Lakini swali lilikuwa la watu wazima: umefanya nini? Waganda pale Makerere hadi leo mwenye miaka 25 na kuendelea wanamfungulia mlango wa mtihani wa watu wazima. Nasi tunao wa kwetu, unaitwa RPL, wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Nilimuuliza kijana wa steshenari kama anaujua. Akaniuliza ni kozi ya chuo gani.

Zamani tabibu alikuwa na ngazi yake mwenyewe: akishakomaa kazini anakwenda kusomea udaktari msaidizi. Ngazi hiyo tumeing'oa, tukamwambia apite lango kuu. Lango kuu linamuuliza habari za logi na pembetatu za 2009.

"Arudie mtihani," akasema mzee wa kitenge, sasa kwa upole kidogo. Ndilo jibu la wote. Yaani Novemba dokta aombe ruhusa, aache kituo na muuguzi mmoja na mlinzi, ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akae katikati ya watoto wanaomwamkia shikamoo, atafute thamani ya x. Akiipata, ndipo taifa litaridhika kwamba anaweza kusomea matibabu anayoyafanya kila usiku. Wagonjwa wa wiki hizo watajitafutia wenyewe thamani yao.

Sisemi kila mwenye F aingizwe kusomea udaktari. Mkasi wangu haujapata kutu kiasi hicho. Nasema mtu akishakuwa na stashahada nzuri na miaka ya kazi inayothibitishika, kidato cha nne kibaki kabatini. Apimwe kwa alichokifanya jana, na chuo chenye shaka kimpe mtihani wake chenyewe.

Kama hilo ni zito, nina ombi dogo. Mwongozo ujao wa udahili utoke na ukurasa mmoja wa ziada: majina ya wote walioketi kuuandika na kuupitisha, na kando ya kila jina alama yake ya Hesabu ya kidato cha nne. Ukitoka bila F hata moja, ada ya dokta ya kurudia mtihani nitailipa mimi. Baba Salome anauliza fedha hiyo nitaitoa wapi. Nimemwambia atulie, haitatoka.